Viatu vya ngozi vya brauni: maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu kupiga kiwi na kuvitunza

Haya maswali yanakuja kila wiki, kwa simu, kwa meseji, wengine wanakuja kabisa na kiatu mkononi, kwahiyo nimeyakusanya sehemu moja. Naongelea viatu vya ngozi vya brauni vya ofisini na vya sherehe, vya kamba na vile vya kutumbukiza mguu tu. Raba zina mambo yake, hazimo humu.

Kwani brauni ina tofauti gani na nyeusi? Si kiwi ni kiwi tu?

Hapana ndugu yangu. Kiatu cheusi kinasamehe, ukipaka nyingi, ukipaka kidogo, ukitumia brashi chafu, bado jioni kinang'aa na maisha yanaendelea, kwasababu nyeusi juu ya nyeusi inabaki nyeusi. Brauni haifichi kitu. Kuna brauni ya asali, kuna ya karanga, kuna ya chokoleti, kuna ile inayoelekea kwenye damu ya mzee, na kila moja ukiipaka rangi ambayo sio yake inakuumbua hapo hapo. Alafu ngozi nyingi za brauni nyepesi kiwandani zinapakwa rangi kidogo sana ili uasili wa ngozi uonekane, sasa hiyo maana yake hata tone la maji, tone la mafuta ya chipsi, jasho, linazama na linaacha alama. Ndo maana kwenye nyeusi kazi kubwa ni kupaka, kwenye brauni kazi kubwa ni kusafisha na kuilisha ngozi, kupaka kunakuja mwisho na kunakuwa kidogo. Shika hilo, majibu mengi humu chini yanatokea hapo.

Ninunue kiwi ya rangi gani?

Nenda dukani na kiatu chenyewe, usiende na picha ya kwenye simu, maana picha inabadilisha rangi. Jina kwenye kopo lisikudanganye, kuna makopo yameandikwa brauni tu na ndani ni chokoleti kabisa, kuna Dark Tan ambayo ina wekundu ndani yake. Fungua, angalia. Ukikosa inayolingana chukua iliyo nyepesi kidogo kuliko kiatu, usichukue iliyokolea, kwasababu nyepesi haiharibu kitu lakini iliyokolea kuitoa ni kazi. Ukikosa kabisa chukua ile isiyo na rangi, inalinda na kung'arisha japo haizibi mikwaruzo. Na kabla hujapaka kiatu kizima jaribu kwanza kwenye ulimi, pale kamba zinapofunika, acha ikauke ndo uangalie. Ikiwa mbichi inadanganya.

Kiwi ya kopo, krimu, losheni, kiwi ya maji, vyote vya nini?

Hapa ndo watu wengi wanachanganya, ngoja nieleze taratibu.

Kiwi ya kopo ni nta. Jina lenyewe ni la kampuni, Kiwi ilianzishwa na William Ramsay huko Melbourne, Australia mwaka 1906, mke wake alikuwa anatoka New Zealand ndo akampa heshima ya yule ndege wa kwao, sisi huku jina likageuka kuwa la kila rangi ya viatu hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Ndani ya kopo kuna nta zimeyeyushwa kwenye tapentaini au mafuta ya jamii hiyo. Kwenye kiwi nzuri mara nyingi kuna nta ya nyuki, na kuna nyingine ngumu inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Brazil, inaitwa kanauba. Ukipaka, yale mafuta yanaruka hewani, nta inabaki juu ya ngozi, ukipiga brashi inalainika kidogo kwa joto la msuguano na inakuwa sawa juu, ndo mng'ao unatokea. Kazi yake ni kung'arisha na kuzuia maji. Haiilishi ngozi sana.

Krimu, ile ya kwenye kichupa cha kioo au tyubu, ina nta kidogo, ina maji, mafuta na rangi nyingi zaidi. Hii inaingia ndani kidogo, inarudisha rangi iliyopauka na inaziba mikwaruzo midogo. Kwa brauni mimi nasema wazi, kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua krimu kabla ya kiwi ya kopo.

Losheni ya ngozi ya kiatu, sio ile ya kujipaka mwilini, ni chakula tupu, haina rangi, inarudisha mafuta yaliyopotea ili ngozi isipasuke pale inapokunja. Inapakwa kwanza, kabla ya krimu.

Kiwi ya maji, ile yenye sponji juu, hiyo ni ya dharura. Inaweka utando juu ya ngozi, unang'aa ndani ya dakika moja, unakauka. Ukiirudia rudia ule utando unakuwa tabaka juu ya tabaka, unaanza kupasuka pale kwenye mkunjo na vumbi linaingia kwenye nyufa, na kwenye brauni unaona kabisa mistari. Kama una usafiri wa asubuhi na harusi ni saa nne, sawa, tumia. Kila siku, hapana.

Nipe hatua za kupiga kiwi vizuri nyumbani.

Unahitaji brashi mbili, moja ya vumbi na moja ya kung'arishia, mswaki wa zamani, na tisheti ya pamba iliyochakaa. Brashi za manyoya ya farasi ndo nzuri kwa kung'arishia, za plastiki ngumu zinakwaruza. Na brashi ya brauni iwe ya brauni milele, isiguse kiatu cheusi hata siku moja.

Toa kamba kwanza, usione uvivu, kamba zikibaki ulimi haupakwi na kamba zenyewe zinachafuka. Piga brashi ya vumbi kiatu chote, mswaki upite pale ngozi inapokutana na soli maana vumbi la barabarani linajificha pale na lile vumbi ni msasa, ukipaka kiwi juu yake unasugua msasa kwenye ngozi yako mwenyewe. Kisha futa na kitambaa chenye unyevu kidogo sana, sio kinachotiririka maji, futa kiatu chote kwa pamoja usifute sehemu moja tu ukaacha nyingine, maana brauni nyepesi ukilowesha sehemu moja inaacha duara. Acha kikauke kivulini. Sasa losheni, kidogo, kwa kidole kilichofungwa kitambaa, kwa kuzungusha, acha robo saa hivi inywe. Halafu krimu, kiasi cha punje ya harage kinatosha kiatu kizima, kweli kinatosha, ukichota zaidi ya hapo unapoteza hela. Acha dakika kumi, piga brashi kwa haraka na kwa wepesi, usikandamize. Ukitaka mng'ao zaidi ndo uweke kiwi ya kopo, safu nyembamba tu, acha tena dakika kumi, brashi, malizia na tisheti safi.

Kama kitambaa kikitoka na rangi nyingi baada ya kupiga brashi, ujue ulipaka nyingi, endelea kufuta mpaka kitambaa kitoke safi, la sivyo pindo la suruali ndo litafuta kwa ajili yako.

Mara ngapi kwa mwezi?

Brashi kavu kila ukivivua, nusu dakika tu, na hiyo ndo inafanya kazi kubwa kuliko kiwi zote. Krimu, kama unavaa mara mbili tatu kwa wiki, basi kila baada ya wiki tatu nne hivi, au ukiona rangi imeanza kupauka kwa mbele. Kiwi ya kopo hata mara moja kwa mwezi inatosha. Mtu anayepaka kiwi kila asubuhi kiatu cha brauni anakijengea ukoko, baada ya miezi kadhaa kinakuwa kizito kwa rangi, ile brauni yake ya asili hauioni tena. Ukifika hapo lazima uvue ule ukoko wote kwa kisafishio cha ngozi ndo uanze upya.

Ila kubwa zaidi ni kuvipumzisha. Mguu unatoa jasho, jasho linaingia kwenye ngozi ya ndani, na kwa joto letu la pwani usiku mmoja hautoshi kukausha. Vaa leo, kesho pumzisha. Jozi mbili unazozipokezana zinadumu muda mrefu kuliko ukimaliza moja ndo uanze nyingine.

Vipi wale wapiga kiwi wa barabarani, niwaachie viatu vyangu?

Waachie, wengi wao mikono yao ni ya dhahabu, wamepiga kiwi viatu vingi kuliko mimi na wewe tutakavyovaa maisha yetu yote. Tatizo sio fundi, ni brashi, wateja wengi wanakuja na vyeusi kwahiyo brashi inakuwa na nyeusi imeganda ndani ya manyoya, ikipita kwenye kiatu chako cha asali inaacha moshi ambao hautoki leo wala kesho. Kwahiyo muulize kwa heshima, "Kaka, unayo brashi ya brauni peke yake?" na fundi mzuri hatokasirika, atakuonyesha. Mwambie pia asipake rangi ya maji pembeni ya soli kama soli yako ni ya brauni, maana wengi wamezoea kupaka nyeusi pale. Kuna jamaa wanabeba brashi na kopo lao kwenye begi wanampa fundi atumie, anafanya kazi yake unamlipa vilevile, na sioni ubaya wowote hapo.

Vimeota kuvu kwenye kabati, nifanyeje?

Hili ndo swali la masika. Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, ukifunga kiatu cha ngozi kwenye kabati kuanzia Machi mpaka Mei bila kukigusa ukifungua unakuta unga mweupe au wa kijani. Kuvu inakula jasho, uchafu na mafuta yaliyomo kwenye ngozi, na unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 inashamiri.

Kitoe nje kabisa, usipigie brashi chumbani unaisambaza kwenye nguo. Piga brashi uitoe, na hiyo brashi uioshe baadae. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kamua, futa nje na ndani mpaka chini ya soksi ya kiatu, ule mkeka wa ndani unaokanyaga, kama inatoka. Spiriti nayo inaua kuvu lakini kwa brauni kuwa makini, spiriti inaweza kuondoka na rangi, jaribu kwenye ulimi kwanza. Acha kikauke sehemu yenye upepo na kivuli, siku nzima au mbili, harufu ya siki itaondoka yenyewe. Kisha losheni, kwasababu siki imekausha ngozi, ndo krimu.

Isirudi tena: usihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, weka kwenye mfuko wa kitambaa au acha wazi, fungua kabati mara kwa mara, usivirudishe kabatini siku ile ile uliyovivaa. Vile vipakti vidogo vyenye chembechembe vinavyokuja kwenye boksi msivitupe, viacheni humo. Ndani ya kiatu weka kalibu ya mbao, lile umbo la mguu linaloshikilia kiatu, kama unayo, mbao ya mwerezi inanyonya unyevu vizuri, kama huna weka gazeti lililokunjwa, ila kwanza livingirishe kwenye karatasi nyeupe au kitambaa maana wino wa gazeti unashika kwenye bitana nyepesi.

Vimelowa chapachapa na mvua.

Usiviweke juani, usiviweke karibu na jiko, wala nyuma ya friji, wala usivipige na drayaa ya nywele. Ngozi iliyolowa ikipata moto inasinyaa na kukakamaa na hapo haina dawa, hata losheni lita nzima hairudishi. Futa maji, jaza ndani gazeti lililovingirishwa kwenye karatasi nyeupe au kitambaa kama nilivyosema, badilisha gazeti kila baada ya saa kadhaa, vilaze ubavu ili soli nayo ipate hewa. Siku mbili. Vikishakauka vitaonekana vimepauka na vigumu kidogo, usiogope, losheni mara moja, ukiona bado rudia kesho yake, kisha krimu.

Kama ni maji ya bahari na yameacha ule mstari mweupe wa chumvi, futa kwa ile siki na maji nusu kwa nusu, kiatu kizima, chumvi ikibaki ndani inaendelea kukausha ngozi kila siku.

Mafuta ya nazi, Vaseline, ganda la ndizi, vinafaa?

Mafuta ya nazi na ya kula yanaikoleza brauni, na hayaikolezi sawasawa, inakuwa na mabaka, na hayo mabaka ni ya kudumu. Pia yanakamata vumbi. Vaseline inakaa juu, inateleza, inakamata vumbi, na ukiipaka nyingi kiwi haishiki tena. Kwa kiatu cheusi cha shule mzazi akipaka mafuta mtoto akaenda shule sina neno. Kwa brauni ya ngozi nzuri, hapana. Ganda la ndizi linang'arisha kwa muda mfupi, linaacha utelezi na sukari, na sukari ni karamu kwa kuvu.

Kimedondokewa na mafuta ya chakula.

Haraka mwagia poda ya mtoto, nyingi, acha mpaka asubuhi inyonye, piga brashi. Rudia. Usisugue na sabuni ya kufulia. Ikibaki alama hafifu, krimu iliyokolea kidogo kwenye kiatu chote, vyote viwili, ndo itaificha.

Mikwaruzo je?

Ukipitisha ukucha na hausikii shimo, krimu inamaliza. Kama ngozi imenyanyuka kidogo, weka losheni kisha ilaze kwa mgongo wa kijiko, sugua polepole ukielekea upande ule ngozi ilikotoka, halafu krimu. Kama ni shimo kabisa mpelekee fundi anayejua kujaza na kupaka rangi, na muulize kama ameshafanya brauni.

Naweza kubadilisha rangi ya kiatu?

Kutoka nyepesi kwenda iliyokolea, ndio. Kutoka nyeusi kwenda brauni, hapana, atakayekwambia anaweza atakupaka rangi ya kufunika ambayo itapasuka. Kuna wanaopenda mbele na nyuma kuwe kumekolea kuliko katikati, hiyo unafanya taratibu kwa kutumia kiwi ya chokoleti kidogo kidogo kwenye ncha na kisigino tu kwa miezi kadhaa, inapendeza sana kwa kiatu cha brauni ya kati.

Nataka ing'ae mpaka nijione.

Hiyo ni kwenye ncha na kisigino tu, sehemu ngumu zisizokunja. Ukiweka nta nene pale kiatu kinapokunja, hatua tatu tu imepasuka na inabaki mistari myeupe. Zungushia kitambaa kidoleni mpaka kikaze, chota nta kidogo sana, zungusha, tone la maji, zungusha, nta tena, tone tena. Inachukua muda na inataka utulivu. Ukiona ukungu, maji yamekuwa machache au nta imezidi.

Nitajuaje ni ngozi kweli? Muuzaji wa mtumba kaniapia.

Kiapo weka pembeni, angalia kiatu. Vitundu vya ngozi ya kweli havijapangika sawasawa, vya bandia vimejipanga kama vimepigwa muhuri. Kikunje kidogo kwa mbele, ngozi inatoa makunyanzi madogo madogo mengi, bandia inatoa mkunjo mmoja mkubwa. Tafuta ukingo uliokatwa, kwenye matundu ya kamba au ndani ya ulimi, ukiona nyuzinyuzi ni ngozi, ukiona kitambaa na plastiki juu yake sio. Weka tone la maji sehemu iliyojificha, ngozi isiyo na utando inakolea polepole. Msiunguze na kiberiti jamani, mnaharibu kiatu cha watu.

Bandia ikianza kubanduka hakuna krimu wala losheni inayosaidia, kwasababu hakuna ngozi ya kulishwa pale. Usitupie hela.

Nilivihifadhi miaka mitatu kwenye boksi, siku ya kuvaa soli ikamomonyoka.

Pole sana, na hili linawakuta wengi siku ya harusi tena ukumbini. Soli nyingi laini na nyepesi ni za poliyurethani, hiyo plastiki inavunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata kama haijavaliwa, na kwa unyevu wa pwani inakwenda haraka zaidi. Kuvitunza sana boksini ndo kumeviua, ukivivaa mara kwa mara vinadumu zaidi. Kama juu bado ni ngozi nzima, fundi anaweza kuweka soli nyingine. Vile vilivyoshonwa kwa ule mtindo wa Goodyear, wenye ukanda wa ngozi unaozunguka kiatu na uzi unaonekana, vimetengenezwa kabisa ili soli ibadilishwe, na hivyo vikikuangukia mtumbani vimeisha soli usiviache, lipa fundi.

Usaili wa kazi naweza kwenda na brauni?

Kwetu hakuna shida kabisa, suti ya bluu au ya kijivu na brauni iliyokolea inakaa vizuri, mkanda ufanane. London ndo kulikuwa na msimamo wa zamani kwamba brauni haivaliwi kwenye ofisi za fedha, na mwaka 2016 Social Mobility Commission, tume ya Uingereza inayoangalia nafasi za watu kupanda kimaisha, ilitoa ripoti ikionyesha kuna mabosi wa benki za uwekezaji waliokuwa wanawahukumu vijana kwa kuvaa viatu vya brauni na suti, vijana ambao kwao hakuna aliyewahi kuwaambia hiyo sheria. Inauma. Kwa suti nyeusi lakini vaa cheusi.

Swedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini juu, nayo napiga kiwi?

Usiguse na kiwi. Brashi yake ya mpira au mswaki mkavu, alama ndogo tumia ufutio wa shule, basi.

Kiwi imekauka na kupasuka koponi, nitupe?

Usitupe. Tapentaini imeruka, nta bado ipo. Chemsha maji, epua, zima moto kabisa, kisha weka kopo likiwa limefunguliwa lielee kwenye yale maji mpaka nta ilainike, iache ipoe ishikane tena. Usiweke kopo juu ya jiko wala usipitishe kiberiti juu yake, mvuke wake unashika moto. Ukimaliza funga kifuniko mpaka kilie, na uhifadhi mbali na dirisha la jua.